Marehemu Anaoga

Mara ya kwanza mpishi wa boti kusikia kwamba mama yake mzazi ameshakufa, alikuwa anamenya viazi.

Alikuwa amekaa juu ya kreti la soda nyuma ya mwamba, mahali ambapo moshi na harufu ya kazi havikuwafikia wageni. Upande wa pili wa mwamba wageni wenyewe walikuwa wamezama hadi shingoni katika bwawa la maji ya moto, macho wameyafumba kama watoto waliokwisha kushiba maziwa. Mtembezaji wao alikuwa anawasimulia. Watu wa gatini walimwita Redio, kwa sababu hakuna aliyewahi kukiona kitufe cha kumzimia. Sauti alikuwa nayo, hilo hata adui yake angelikubali.

"Alikuwepo bibi mmoja," Redio alisema. "Miguu imekufa ganzi, madaktari wamekata tamaa. Akaletwa hapa amebebwa mgongoni. Akaoga siku saba katika bwawa hilo hilo mlilomo. Siku ya nane akaupanda mlima ule kwa miguu yake mwenyewe." Akanyamaza kidogo, kama wanavyonyamaza waongo wazuri ili uongo upate kuketi. "Na jiwe hili ndipo alipopiga magoti kusali. Lishikeni. Mnaona lilivyolainika?"

Mgeni mmoja wa kike akauliza kwa sauti ya usingizi, "Bado yupo?"

"Alifariki," Redio akasema. "Kwa amani. Uzee tu."

Kisu kilisimama katikati ya kiazi. Mpishi alimtambua bibi yule kama mtu anavyoitambua nguo yake iliyoibiwa kambani, hata kama mwizi ameikata mikono na kuibadili rangi. Alikuwa amemwambia Redio mwenyewe, siku moja ya mvua, ndani ya jiko la boti, Redio akiwa amekumbatia ndoo kwa kichefuchefu na anataka kusikia chochote kitakachomsahaulisha mawimbi. Alimwambia kwamba mama yake alifanya kazi kwenye chemchemi zile, na kwamba magoti yake yaliishia pale. Basi. Kutoka katika maneno hayo machache Redio alikuwa amejenga ghorofa nzima, na juu ya ghorofa akachimba kaburi.

Marehemu, wakati huo, alikuwa nyumbani, katika vyumba viwili nyuma ya duka la fundi cherehani. Alikuwa amekalia kiti cha plastiki mlangoni, akimkemea fundi kwamba pindo la gauni la mteja limekwenda upande.

Yafaa tuyaseme ya kweli, maana hakuna mwingine atakayeyasema.

Mama yule alikuwa dobi. Alikuwa dobi wa hospitali, siku zile ambapo hospitali ya mji haikuwa na mashine wala kuni za kutosha kuchemshia maji. Kila wiki wanawake walipakia mafurushi ya mashuka katika mashua, wakapiga makasia kuufuata ukingo wa ziwa hadi kwenye hori lile, mkono mwembamba wa ziwa uliojificha kati ya miamba, ambako hapakuwa na barabara na hadi leo hapana. Huko maji yalichemka bure. Yalitoka katika jicho la mwamba yakitokota na kunuka kiberiti, yakashuka kwenye bwawa la kwanza, la pili, la tatu, yakipoa kidogo kidogo. La kwanza liliua wadudu. La pili lilikuwa la sabuni. La tatu, pana na vuguvugu, lilikuwa la kusuuzia.

Na walikuwa na sheria yao, madobi wale, ambayo hakuna msimamizi aliyewapa: maji ya kusuuzia hayakaliwi. Mgonjwa atakayelalia shuka hili hajui nani alilifua, walisema, lakini ngozi yake itajua. Kwa hiyo waliinama, wakapiga magoti juu ya mawe, wakasugua na kukamua na kusuuza, miaka nenda miaka rudi, na maji yale matamu yakapita mbele ya vifua vyao kama chakula kinachopita mezani kwa wenyewe. Hata siku ambayo mgongo ulikuwa unalia, hata siku ya baridi, hakuna aliyeketi. Magoti ya mama yaliharibikia pale, jiwe kwa goti, goti kwa jiwe. Siku hospitali iliponunua mashine, kila mwanamke alipewa asante na mche wa sabuni. Sabuni! Kama mtu anayemlipa mvuvi kwa samaki.

Baadaye akaja tajiri wa boti. Akapata kibali cha hori lile kwa njia ambazo watu wenye vibali huzijua, akajenga ngazi za mbao, akasimamisha ubao uliosema WAGENI TU, akaajiri watu. Binti wa dobi akapata kazi ya upishi, akafurahi, maana kazi ni kazi. Lakini ilikuja na sharti: wafanyakazi hawaingii majini, ndugu za wafanyakazi hawapandi botini. Kwa hiyo kila safari alishuka kwenye chemchemi za mama yake, akateremsha sufuria la kuku na viazi kwa waya ndani ya jicho linalochemka, akalitoa limeiva, wageni wakapiga makofi na kusema ardhi imewapikia. Ardhi! Yeye na mikono yake iliyobabuka walikuwa wamesimama pale pale.

Haya yote aliyameza. Ukiwa na jiko la kuwasha kila siku, utameza mengi. Lakini lile la kifo lilikataa kushuka.

Aliporudi nyumbani hakumwambia mama. Utamwambiaje mtu? Alimkuta anajisugua magoti kwa mafuta, amenuna.

"Daktari amesemaje?" akauliza.

"Amesema ninunue kiti cha magurudumu. Nikamwambia ninunue na barabara ya kukiendeshea?" Mama akafunga chupa ya mafuta. "Wewe, mwanangu. Lile bwawa la tatu bado lipo?"

"Lipo, mama. Msimu ukiisha wanalivunja. Tajiri anataka kutia vigae, na mabomba, na taa za rangi."

Mama akaiweka chupa chini. Halafu akasema, polepole, kama mtu anayeagiza kitu dukani na hataki kikosewe, "Nimepiga magoti pale maisha yangu yote. Nataka kukaa. Mara moja tu. Nikae matakoni kama binadamu, maji yanifike hapa." Akajigusa kifuani. "Sitaki kupona. Nani kasema napona? Nataka kukaa."

Basi mpishi alikwenda kwa tajiri. Ofisi ilikuwa na feni, meza ya kioo, na ukutani picha kubwa ya bwawa la tatu likifuka mvuke, ndani yake mwanamke kijana ambaye hajawahi kufua hata leso. Mpishi alieleza akiwa amesimama, kwa sababu kiti cha pili kilikuwa kimewekwa mkoba wa tajiri, na mkoba haukuondolewa.

"Mama yangu," tajiri akamwambia, ingawa alikuwa rika lake, "boti si gari la wagonjwa. Nikimpandisha mzazi wako leo, kesho Redio ataniletea shangazi yake mwenye pumu. Halafu wageni wanatafuta utulivu. Mzee akianza kulilia magoti, utulivu uko wapi?"

"Yeye ndiye aliyefua pale, bosi. Kabla ya ngazi. Kabla ya ubao."

"Na tunamshukuru sana," tajiri akasema, akachukua simu yake.

Mpishi akajikuta anasema, "Asante, bosi." Akaichukia asante hiyo hadi ngazi ya mwisho, akaichukia njiani, akaichukia alipokuwa anakata vitunguu, na vitunguu vikapata sifa ya machozi ambayo havikuistahili.

Mungu si wa mtu mmoja. Wiki ya safari ya mwisho, mwosha vyombo alianguka na pikipiki akavunjika mkono. Tajiri akapiga simu mwenyewe, kwa haraka, kelele za watu nyuma yake.

"Tafuta yeyote wa kuosha vyombo."

"Hata mzee?"

"Hata shetani, ilimradi ana mikono!"

"Nimekusikia, bosi," mpishi akasema, na safari hii hakuongeza asante.

Asubuhi ya kuondoka, nahodha alikuwa amesimama kwenye ubao wa kupandia, mtu mkubwa mwenye maneno machache, ovaroli yake ina mafuta ya dizeli hadi kwenye kola. Aliwaona wanakuja gatini, mpishi na kapu lake, na nyuma yake mwanamke mzee anayetembea kwa kuyumba kama meza yenye mguu mmoja mfupi.

"Huyu?" nahodha akauliza.

"Msaidizi wangu. Wa vyombo."

"Ana umri gani, msaidizi?"

"Wa kutosha."

Nahodha akamtazama mzee, akatazama miguu yake, akatazama ubao. "Shikamoo, msaidizi," akasema, akanyoosha mkono.

"Marahaba, baba. Nishike vizuri, mimi si gunia la mkaa."

Ndani ya jiko la boti palikuwa na nafasi ya mtu mmoja na nusu. Jiko la gesi lilikuwa limefungiwa reli ya chuma ili masufuria yasiruke wakati wa mawimbi, vikombe vilining'inia kwenye misumari, na visu vilichomekwa kwenye mpasuo wa ubao. Mama alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatazama kila kitu kama mkaguzi. Akaona kitambaa cheupe cha meza ya wageni kimekunjwa rafuni. Akakivuta, akakinusa.

"Nani kafua hiki?"

"Dobi wa mjini. Wa mashine."

"Hakikusuuzwa." Akakikunjua, akaonyesha alama ya njano pembeni. "Na hili je? Hili ni doa la mchuzi, limepikiwa humo ndani kwa maji ya moto kabla halijatolewa kwa baridi. Mtu na akili zake! Wageni wanakula juu ya hiki?"

"Hawajawahi kulalamika, mama."

"Hawajui kulalamika kwa mambo ya maana."

Boti iliondoka ikiwa na wageni sita wa mjini, watu wa kofia pana na miwani ya jua. Redio alipita jikoni kila alipoweza, kwa sababu mpishi alikuwa na maandazi na mzee alikuwa sikio jipya. Hakujua ni nani. Mpishi hakumwambia, alitaka tu wafike, wageni waende mezani kula, na katika nafasi hiyo amshushe mama majini kimya kimya. Hiyo ndiyo ilikuwa mipango yake yote.

"Bibi, pole na magoti," Redio akasema, mdomo umejaa. "Tukifika nitakuonyesha maji yaliyomponya bibi mmoja. Alikuwa hawezi hata kusimama. Akaoga, akapona, akaupanda mlima."

Mama akainua kichwa kutoka kwenye vikombe. "Mlima upi? Ule wa mawe makali?"

"Huo huo."

"Kule juu alikwenda kufanya nini?"

Redio akatafuna. Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. "Kushukuru," akasema mwishowe.

"Angeshukuria chini. Juu hakuna hata choo."

Nahodha, aliyekuwa kwenye usukani, alicheka mpaka boti ikapinda kidogo.

Waliingia horini siku hiyo hiyo, jua limeshapanda. Maji yalikuwa kijani, mwamba ulifuka, na ile harufu ya kiberiti ikaja kuwalaki. Mama aliinuka kutoka kwenye ndoo bila kusaidiwa. Alishika dirisha dogo la jiko kwa mikono miwili. Mpishi alimwona anahesabu kwa macho: jicho, la kwanza, la pili, la tatu. Kisha akaona ngazi, na ubao, na mawe ya kufulia yaliyong'olewa yakapangwa kuwa benchi la wageni.  

Nahodha ndiye aliyembeba kutoka kwenye kiboti cha mpira hadi nchi kavu, mgongoni, huku mama akimlalamikia harufu ya dizeli. Mpishi aliwaona, akayakumbuka maneno ya Redio, "akaletwa hapa amebebwa mgongoni", na hasira ikampanda upya kwamba hata mgongo wa nahodha ulikuwa umeshaibwa mapema.

Akamkalisha mama nyuma ya mwamba, juu ya kreti. Akateremsha sufuria ndani ya jicho. Akatandika meza chini ya turubai: kitambaa cheupe, doa akalificha kwa bakuli la chumvi, sahani, glasi. Alipotoa sufuria, mvuke umemgubika uso, alikwenda ukingoni akasema chakula tayari, karibuni mezani.

Mgeni mmoja mwenye kamera akanyoosha miguu majini. "Aa, si mtuletee huku huku? Wekeni kwenye sinia, tule tukiwa ndani. Itakuwa picha nzuri."

"Wazo zuri hilo!" Redio akadakia. "Dada mpishi, sinia!"

Nahodha alikuwa ameshaanza kutazama mdomo wa hori, ambako upepo wa mchana ulikuwa unayakunja maji. Mpishi alimwelewa. Upepo ukizidi, mdomo ule haupitiki. Wakila majini, wataondoka kutoka majini moja kwa moja. Na hii ndiyo safari ya mwisho. Wiki ijayo mafundi wa vigae.

Alirudi nyuma ya mwamba kuchukua sinia. Mama alikuwa ameshavua viatu na kuviweka sawasawa, kimoja kando ya kingine, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

"Wametoka?"

"Bado, mama. Wanataka kula humo humo."

"Ndani ya maji ya kusuuzia?"

Mpishi akaokota sinia. Na upande wa pili, Redio akafungua kinywa ili kuwachangamsha wageni wakisubiri sinia. "Alikuwepo bibi mmoja," akaanza.

Mpishi alinyoosha mkono kumzuia mama asisikie, kana kwamba sauti ni nzi. Lakini mama alishasikia. Alisikiliza yote, ganzi, mgongo, siku saba, kichwa kimeinama upande. Kwenye jiwe la sala macho yakaanza kupanuka. Kisha ile sauti ya usingizi, safari hii ya mgeni mwingine, maana kila safari ilikuwa na wake: "Bado yupo?"

"Alifariki. Kwa amani. Uzee tu."

"Ni nani huyo anayemsema?" mama akanong'ona.

"Ni wewe, mama."

Mama aliangalia magoti yake kana kwamba yangeweza kumthibitishia. Halafu akamshika binti yake bega, akajiinua, akauzunguka ule mwamba peku, akiyumba, hadi akasimama mbele ya bwawa na wageni sita na mtembezaji mmoja.

"Samahani, mjukuu wangu," akamwambia Redio. "Nilikufa kwa ugonjwa gani?"

Redio akatabasamu bado hajaelewa, kisha akamtazama mpishi aliyekuwa nyuma ya mama, akaiona pua ile ile kwenye nyuso mbili, na tabasamu likamwagika.

"Bibi, ile ni... ile ni hadithi tu. Ya kuwafurahisha wageni."

"Mimi ndiye? Ndiyo au siyo?"

"Ni kama wewe."

"Kama mimi! Basi nisikilizeni na nyie mliomo humo. Maji haya hayakuniponya. Maji haya ndiyo yaliyonivunja. Na hilo jiwe halikulainika kwa sala. Limelainika kwa sabuni! Mashuka ya hospitali, ya watu wa mji huu, damu na kinyesi na matapishi, niliyafua hapo, mimi na wenzangu. Pengine wewe mwenye kamera mama yako alikuzalia juu ya shuka langu. Kusali! Nilikuwa na muda gani wa kusali?"

Mgeni mwenye kamera, Mungu amsamehe, aliinua kamera. Mwingine akamwuliza Redio kwa sauti ya chini, "Hii ni sehemu ya ziara?"

Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani ya mpishi, kama waya wa sufuria unavyokatika, bila onyo. Miaka yote alikuwa ameogopa ingekuwa kelele. Haikuwa kelele. Alitembea hadi mezani, akaondoa sahani akazipanga juu ya jiwe, glasi akazilaza kwenye majani, bakuli la chumvi akaliweka chini. Akakivuta kitambaa cheupe. Akarudi ukingoni.

"Naomba mtoke," akasema.

"Dada, wewe mpishi..." Redio akaanza.

"Mdogo wangu, nyamaza. Leo tu. Ndugu wageni, taulo zenu zile pale. Naomba mtoke, maji haya yana mwenyewe."

Sijui ni sauti, au ni macho. Walitoka. Mmoja baada ya mwingine, wakichuruzika, wakafunga taulo na kusimama juu ya mawe yenye joto wakiinua mguu huu na ule kama kuku kwenye matope. Mpishi alikunjua kitambaa, akakiinua mikono ikiwa juu ya kichwa, akafanya ukuta. Ukuta ulikuwa na upande mmoja tu, na kamera ilikuwa inatafuta upande wa pili. Nahodha akapanda kutoka kwenye kiboti. Bila kuulizwa akashika pembe nyingine, akaugeuza uso wake kuelekea mlima, akakizungusha kitambaa hadi kikafunga.

"Ingia, msaidizi," akasema. "Mimi natazama mlima wako."

Nyuma ya kitambaa palikuwa na sauti za mtu anayejishusha: pumzi, kiganja kinachotafuta mwamba, "polepole nyie," aliyaambia magoti. Halafu maji yakampokea. 

Mpishi alichungulia. Mama alikuwa amekaa. Amekaa kabisa, miguu imenyooka mbele yake, maji yamemfika pale pale alipojigusa siku ile, na uso wake haukuwa wa furaha. Ulikuwa uso wa mtu aliyerudishiwa kitu chake na anakikagua kama kimeharibiwa. Upepo ulikibonyeza kitambaa, pindo lake likazama majini, na mkono wa mama ukalidaka bila kufikiri. Vidole vikalipata lile doa. Vikaanza kusugua, vidole gumba viwili, kwa ule mwendo ambao mpishi aliujua tangu tumboni.

Kisha vikasimama. Mama aliliachia pindo.

"Inua juu, mwanangu," akasema. "Leo sifui."

Nje ya ukuta Redio alikuwa anakuja na kurudi. Chakula kinapoa, wageni wana njaa, upepo unaongezeka, tajiri akisikia je? Alikipitisha kichwa karibu na bega la mpishi, akanong'ona kwa kulia, "Dada yangu, nitawaambia nini?"

"Waambie marehemu anaoga," mpishi akasema. "Wasubiri."

Na wakasubiri. Mikono ya mpishi ilikufa ganzi, ikafufuka, ikafa tena. Hakuishusha hadi mama mwenyewe aliposema inatosha.

Mdomo wa hori uliwapiga mawimbi wakitoka, na wageni wawili wakakumbatia ndoo. Simu ilipopata mtandao, karibu na gati, ililia mfululizo, na jina la tajiri likawaka na kuzimika juu ya meza ya jikoni. Mpishi aliiacha ilie huku akifunga visu vyake kwenye mfuko wa plastiki. Visu vilikuwa mali yake. Mama alishuka kwenye ubao kwa magoti yale yale, yanayoyumba vile vile, na fundi cherehani alipomwuliza kama maji yamemsaidia, alimwambia ashone pindo lake aache umbeya.

Sasa mpishi anapika nyuma ya gereji ya malori, chini ya bati, kwa mafundi wenye njaa ya kweli. Msimu mpya ulipoanza, nahodha alikuja kula hapo. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki kando ya jiko, anachambua maharage.

"Vigae wametia?" mpishi akauliza.

"Wametia. Vya bluu."

"Na Redio?"

Nahodha akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Ana hadithi mpya. Anasema alikuwepo bibi, alikufa, akazikwa. Halafu siku moja akatokea mbele ya wageni, ametoka kaburini, kuja kuyaaga maji. Watu wanalia, dada. Wanalia machozi."

Mwiko wa mpishi uligonga sufuria kwa nguvu hadi fundi mmoja akatoka chini ya lori. "Hivi huyu mtoto hana haya? Hana haya kabisa?"

"Subiri," mama akasema. Alikuwa ameacha maharage. Hakuonekana kujali kaburi. "Humo kwenye hadithi. Nikifika kwenye maji, anasema nilifanya nini?"

Nahodha akasita, akamtazama mpishi kuomba msaada, hakuupata. "Anasema ulipiga magoti."

Mama aliweka ungo chini. Alishika mikono yote miwili ya kiti, akajiinua, akasimama wima mbele ya nahodha, mfupi, na maharage yakamdondoka kwenye nguo.

"Maliza chai yako," akamwambia, "uende ukamwambie nilikaa."